Acheni kuchoma mipira ya dripu (umwagiliaji wa matone)

Kila Juni na Julai huku Njombe na Makete simu ni ile ile: "Bwana shamba, mpira umechomoka, maji yanamwagika." Nikifika nainama kwenye kiungio, naona kovu jeusi linalong'aa na mdomo wa mpira uliojikunja. Sina haja ya kuuliza. Mtu amewasha kiberiti.

Naelewa kinachowasukuma. Mpira ambao Februari ulipinda kama kamba, asubuhi ya baridi umekakamaa kama kijiti, konekta, kile kipande chenye meno cha kuungia mipira, haiingii. Poliethilini, plastiki ya mipira hii, ndivyo ilivyo: ikipoa hukaza, ikipata joto hulegea. Lakini ile aina laini iliyotengeneza mipira yetu huyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, na ulimi wa moto unapita 1,000. Hapo hulainishi, unayeyusha. Ukuta wa mpira wenye kipenyo cha milimita 16 ni kama milimita 1 tu. Upande uliolambwa na moto unakuwa mwembamba, mdomo unatanuka, na ukipoa unabaki hivyo hivyo. Konekta haibanwi tena.

Tumieni maji ya moto. Kwa mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo hayawezi kuyeyusha mpira hata ukitaka. Yabebe shambani kwenye chupa ya chai, mimina kikombeni. Kata mpira kwa kisu kikali, sawasawa, si mshazari. Chovya sentimita 3 za mwisho, hesabu hadi 20, kisha sukuma konekta huku unazungusha mpaka meno yote yafunikwe. Yote! Ninyi mnaoacha jino moja nje eti litaingia lenyewe, mnanichosha. Mafuta ya kula msipake. Acha dakika 5 upoe ndipo uuguse.

Halafu msiuvute ukakaza mchana. Kila mita hujivuta kama milimita 0.2 kwa kila nyuzi moja ya joto inayopungua. Mstari wa mita 30 ulioufunga saa nane jua likiwaka, mpira ukiwa na nyuzi 45, alfajiri ukishuka hadi 5 unafupika sentimita 24. Zitatoka wapi kama si kwenye konekta? Utandazeni ukiwa umelegea, upinde pinde kidogo kama nyoka.

Ukifungua maji na kiungio kikabaki kikavu, imetosha.

Waliokwisha kuchoma: kateni sentimita 5 kutoka kwenye kovu, muanze upya. Kuzungushia tyubu ya baiskeli hakusaidii, nimefungua nyingi mno.