Kuku Wakifa Ghafla, Paka na Mbwa Wasiachiwe Mizoga

Kuku wanapokufa kwa mfululizo, wafugaji wengi huamini ni kideri, na mizoga hutupwa jalalani au hupewa mbwa. Desturi hiyo ni ya hatari, kwa sababu virusi vya mafua ya ndege vya H5N1 humpata pia paka, na kwa nadra mbwa, wanapokula nyama mbichi ya ndege mgonjwa. Mwaka 2004 nchini Thailand, chuimilia waliolishwa kuku wabichi walikufa kwa makumi. Mwaka 2023 paka wa majumbani walikufa nchini Poland. Ukanda wetu nao umewahi kuguswa: Januari 2017, virusi vya H5N8, vya jamii hiyohiyo, viliua ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, kisha vikagundulika kwa bata na kuku wa Masaka.

Paka aliyeambukizwa hukataa chakula, hupata homa, hupumua kwa shida, hutokwa na makamasi, na mara nyingine huyumba au hushikwa na degedege. Kideri hakiui paka. Kwa hiyo mfugaji ambaye kuku wake wanakufa, na paka wake naye ameanza kuyumba, amwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kabla ya kuchinja au kuuza kuku waliobaki. Dalili hizo zinaweza pia kuwa za kichaa cha mbwa, hivyo paka huyo afungiwe peke yake na watoto wasimguse kabisa.

Tunajua kwamba paka huachwa bandani kwa ajili ya panya, na ndiyo maana ushauri wa kumzuia asiingie humo hupuuzwa. Kiondolewe kwanza kinachowavuta panya: pumba na mashudu yahifadhiwe katika mapipa yenye mifuniko, chakula kilichomwagika kifagiliwe kila jioni, na madirisha ya banda yawekwe wavu wa matundu madogo.

Mizoga ishikwe kwa glavu au mifuko ya plastiki, ifukiwe katika shimo refu mbali na kisima, imwagiwe chokaa, na juu yake yapangwe mawe ili mbwa wasifukue. Matumbo na vichwa vya kuku wazima vichemshwe hadi viive kabisa kabla ya kupewa paka au mbwa. Vya kuku mgonjwa visipewe hata vikiwa vimepikwa.

Aliyeshika kuku au paka mgonjwa, kisha akapata homa, kikohozi au macho mekundu ndani ya siku 10, aende kituo cha afya na amweleze mhudumu alichokishika.