Somo: Kuitambua ndege ya Kijerumani iliyotekwa katika picha ya zamani ya vita

Wakuu, salaam. Kila ikiletwa picha ya Messerschmitt, ndege ya kivita ya Kijerumani, yenye alama za Waingereza, watu hukimbilia alama. Hapo ndipo tunapopotea. Alama ni rangi tu, na rangi hupakwa asubuhi ikafutwa jioni. Bawa halibadilishwi kwa brashi. Kwa hiyo hapa tunaanza na umbo, alama zitasubiri.

Mifano yangu mingi ni ya jangwani, Libya na Misri, 1941 hadi 1943. Huko jeshi lililorudi nyuma bila mafuta wala vipuri liliziacha ndege uwanjani, na aliyefika nyuma yake akazikuta.

Hatua ya 1: Skani vizuri. Nukta 600 kwa inchi au zaidi, na usisahau mgongo wa picha. Mhuri wa studio au neno moja la penseli huokoa siku nzima ya kazi. Usikate kingo. Hema, lori na kofia ya askari aliyesimama kando navyo ni ushahidi.

Hatua ya 2: Hakikisha picha haikugeuzwa. Negativu ikisafishwa kinyume, kushoto huwa kulia. Kwenye Bf 109, ndiyo Messerschmitt yetu (au 109 kwa kifupi), mdomo wa kuvutia hewa uko upande wa kushoto wa pua, ukihesabu kwa rubani aliyekaa ndani. Za jangwani zimefungwa hapo chujio refu la mchanga. Ukiliona kulia, geuza picha kwanza ndipo uendelee.

Hatua ya 3: Umbo. Ju 87, yaani Stuka, haikusumbui: mabawa yamevunjika kama ya ndege wa baharini na miguu haikunjwi. Fw 190, ndege nyingine ya kivita ya Kijerumani, ina pua nene ya duara, na magurudumu yake yametanuka. Bf 109 ina pua nyembamba na miguu iliyokaribiana, kama mtu aliyebana magoti. Kama unahofia umeichanganya na Spitfire ya Waingereza, tazama mabomba ya moshi. Injini ya Bf 109 imefungwa kichwa chini, hivyo mabomba yake yako chini kwenye pua. Ya Spitfire yako juu.

Ukishajua ni 109, tafuta toleo. Ncha za mabawa zikiwa zimekatwa mraba, na mkia una fito za kuushikilia kwa chini, hiyo ni E. Ncha za mviringo bila fito ni F au G. Hizi mbili zinafanana mno, ila F ina vidirisha vidogo vya pembetatu chini ya kioo cha mbele cha rubani, na G za mwanzo hazina. Vinundu viwili juu ya pua, mbele ya rubani, vinakupeleka kwenye G-6 ya 1943 na kuendelea.

Hatua ya 4: Usiziamini rangi za kijivu. Nakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo ninapoona makosa mengi. Filamu nyingi za wakati ule hazikuona rangi nyekundu. Kwenye filamu ya namna hiyo nyekundu hutoka karibu nyeusi, njano hutoka nzito kuliko unavyotarajia, na buluu hupauka. Sasa chukua duara la Waingereza: katikati nyekundu, nje buluu, na mara nyingine pete ya njano. Katika picha unaweza kuona kitovu cheusi, buluu iliyofifia, na pete nyeusi ya nje ambayo mtu ataapa kuwa si ya Waingereza. Basi usitaje rangi ya namba ya ubavuni kabla hujapata kitu unachokijua rangi yake ndani ya picha ileile.

Hatua ya 5: Tafuta alama ya zamani chini ya mpya. Msalaba wa Kijerumani ulipopakwa rangi, mara nyingi hubaki kiraka chenye kivuli tofauti, na duara jipya halikifuniki chote. Swastika ilikuwa kwenye mkia. Angalia kiraka hapo pia. Mkanda mweupe kiunoni, nyuma ya msalaba, ulikuwa wa ndege za eneo la Mediterania. Ukibahatika utasoma namba ya kiwandani mkiani, na hiyo ndiyo inayoitofautisha ndege na ndugu zake wote.

Hatua ya 6: Nani aliiteka? Herufi mbili za kikosi husema. CV ilikuwa ya Skwadroni ya 3 ya Australia. Mnamo Novemba 1942 kikosi hicho kiliikuta Bf 109G-2 imeachwa Gambut, Libya, ikiwa na namba 6 nyeusi ubavuni. Wakaipaka CV-V. Ikaja kupelekwa Uingereza na kupewa namba RN228. Namba yake ya kiwandani ni 10639. Ndege moja, sura tatu: anayesoma rangi peke yake angehesabu ndege tatu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina picha ya 109 yenye msalaba mweupe wa Uswisi. Waliiteka wapi?

Jibu: Hawakuiteka, waliinunua. Finland na Romania nazo zilirusha 109 zilizotoka Ujerumani kihalali. Alama ya kigeni si hati ya mateka.

Swali: Je, zote zilikutwa zimeachwa chini?

Jibu: Hapana kaka. Tarehe 23 Juni 1942 rubani Armin Faber alipotea njia, akatua Pembrey, Wales, akidhani yuko Ufaransa. Fw 190 yake ilikuwa nzima kabisa. Waingereza waliipa namba MP499. Ukiona picha yake, nyasi mbichi zitakuambia kwamba si Libya.

Swali (Kakamega): Mwalimu, babu alikuwa Panyako (Pioneer Corps, kikosi cha kazi cha jeshi la Waingereza), akapelekwa Misri. Tuna picha amesimama kando ya ndege, ila bawa lote liko nje ya picha, inaonekana pua tu. Kuna tumaini?

Jibu: Lipo, tena pua ndiyo inayosema mengi. Nitazamie mabomba ya moshi yako juu au chini, na kama kuna chujio la mchanga na liko upande gani. Lakini mzee alivaa nini begani? Kama beji inasomeka, ikuze peke yake, ili tujue kwanza kama picha imegeuzwa. Na tafadhali, skani na mgongo.