Garaji ya Goma na ISO 14001: anzia kwenye oili chafu

Kama una garaji na unataka kufuata ISO 14001, yaani kiwango cha kimataifa cha kusimamia mazingira kazini, cheti usikikimbilie. ISO yenyewe, shirika la kimataifa la viwango, haitoi vyeti, hutolewa na wakaguzi wa nje kwa malipo. Utaratibu wa ISO 14001 unaweza kuufuata bila cheti.

Mimi ningeanza na oili chafu. Hapa Goma tuko juu ya mawe ya volkano yenye matundu: ukiimwaga inazama, huioni tena. Tega karai chini ya injini, mimina kwenye bidoni yenye kifuniko. Filta zitundike zichuruzike usiku kucha. Daftarini andika tarehe, lita, aliyechukua. Fundi mmoja awajibike.

Mwisho wa mwezi linganisha oili mpya iliyoingia na chafu iliyotoka. Kiasi fulani huungua, sawa, lakini pengo likiwa kubwa, uliza. Vijana watanuna.