Kulitafsiri neno indulgence bila kukimbilia anasa

Mikataba ya udhamini wa mikopo iliyoandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi, huwa na kifungu kinachosema kwamba indulgence yoyote atakayopewa mkopaji haimwondolei mdhamini wajibu wake. Sasa karani wa chama cha akiba na mikopo pale Njombe aombwe kukiweka kifungu hicho kwa Kiswahili, afungue kamusi, achukue maana ya kwanza: "Anasa yoyote atakayopewa mkopaji..." Mdhamini akisoma hapo atajiuliza ni lini chama kimeanza kuwanunulia watu bia.

Kosa halitoki kwenye kamusi. Linatoka kwenye kudhani kwamba neno hili lina maana moja kuu, ya kujistarehesha, na nyingine ni matawi. Kihistoria ni kinyume. Kitenzi cha Kilatini indulgere kilimaanisha kumlegezea mtu, kumkubalia asichostahili kudai. Katika sheria za Warumi, indulgentia ilikuwa ni kumsamehe mtu kodi au adhabu. Ila kitenzi hichohicho kilitumika pia kwa mtu aliyejiachia kwenye mvinyo. Kiingereza kilipata nomino yake karne ya 14, ikiwa na harufu ya kanisani na ya huruma ya mkubwa kwa mdogo. Hata mwaka 1672, mfalme Charles II wa Uingereza alipowaruhusu Wakristo walio nje ya kanisa la taifa wasali kwa namna yao, tamko lake liliitwa Declaration of Indulgence, na wala hakuwa anawaalika kwenye karamu. Karne hiyohiyo ya 17 ndipo self-indulgence ilipoanza kuandikwa: mtoaji wa ruhusa na mpokeaji wamekuwa mtu mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, jiulize: nani analegeza, nani analegezewa, na kinacholegezwa ni nini? Sarufi itakusaidia kujibu. Indulge ikifuatwa na mtu mwingine moja kwa moja, kuna wawili: mpaji na mpewa. Ikifuatwa na in, mtu anajilegezea mwenyewe. Nomino ikiwa katika wingi, indulgences, mara nyingi uko kanisani, au unazungumzia vitu vidogovidogo vya kujifurahisha.

Tuanze na ule mkataba. Anayelegeza ni mkopeshaji, na kinacholegezwa ni masharti ya kulipa. Andika: "Mkopeshaji akimwongezea mkopaji muda wa kulipa au kumpa nafuu nyingine yoyote, wajibu wa mdhamini utabaki palepale." Usiandike "msamaha", maana deni halijafutwa, na mkopaji mjanja atakishika kifungu hicho kama ushahidi. Usikirushe pia ukidhani ni mapambo. Katika sheria za mikataba zenye asili ya Kiingereza, mkopeshaji akikubaliana na mkopaji kuongeza muda bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anaweza kuachiliwa kabisa. Kifungu kimewekwa kuziba tundu hilo.

Kanisani panahitaji uangalifu zaidi, hasa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania ambako Wakatoliki, Walutheri na Wamoraviani wanaoleana, wanazikana, na kusoma matangazo ya wenzao. Kwa Wakatoliki neno lipo tayari: rehema, na ile kubwa ni rehema kamili, kama ilivyosikika sana katika Jubilei ya 2025. Usiibadilishe kuwa "msamaha wa dhambi". Kwa mafundisho yao, dhambi husamehewa katika kitubio, yaani sakramenti ya kuungama. Rehema inaondoa adhabu ya muda inayobaki baada ya kosa kusamehewa. Rehema kamili ina masharti: kuungama, kupokea komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kutoshikamana na dhambi yoyote. Ukikutana na maandishi ya zamani yanayotaja rehema ya siku 300, usidhani ni siku zilizopunguzwa za kukaa toharani, yaani pale roho zinapotakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Zilikuwa kipimo cha kulinganisha na toba za kanisa la kale, na Papa Paulo VI aliondoa hesabu hizo mwaka 1967.

Ukitafsiri somo la Matengenezo ya Kanisa kwa Walutheri, neno rehema peke yake litampoteza msomaji, kwa sababu kwake rehema ni huruma ya Mungu, na hataelewa Luther alipinga nini mwaka 1517. Hapo andika "vyeti vya rehema", kisha eleza kwa sentensi moja kwamba vilikuwa vinatolewa kwa fedha. Biashara hiyo Wakatoliki wenyewe waliipiga marufuku katika karne hiyohiyo ya 16. Liseme hilo pia.

Nyumbani, kati ya babu na mjukuu, neno ni kudekeza. Lina upendo ndani yake, na lawama yake ni nyepesi. Kuendekeza ni kali zaidi: ni kuiacha tabia mbaya iende, maana kitenzi chenyewe kimejengwa juu ya kuenda. Ongeza ji, unapata kujiendekeza, na hilo ndilo jirani wa karibu kabisa wa self-indulgence. Linashinda anasa kwa sababu anasa hutaja vitu, wakati kujiendekeza kunataja mtu anayeshindwa kujikatalia. Anayeamkia ulanzi, pombe ya mianzi, kila siku ya masika, shamba likiwa halijapaliliwa, hana anasa yoyote, maana ulanzi ni wa bei ya chini. Anajiendekeza. Overindulge ni rahisi: kula au kunywa kupita kiasi. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union watakumbuka "kutokuwa na kiasi" katika Mathayo 23:25, mahali ambapo tafsiri kadhaa za Kiingereza zina self-indulgence.

Sasa lebo. Chukua chokoleti ya kakao ya Kyela inayoandikwa rich and indulgent. Matangazo ya biashara yameligeuza neno la lawama kuwa sifa, na Kiswahili hakijafanya hivyo kwa kujiendekeza wala kwa anasa. Ukiweka lolote kati ya hayo, lebo itasikika kama onyo la mchungaji. Tumia kujipongeza: "Chokoleti nzito ya kakao ya Kyela. Jipongeze." Starehe nayo iepuke hapa, ingawa asili yake ni ya heshima, mzizi mmoja na raha, wa kupumzika. Mtaani siku hizi starehe inabeba baa na muziki wa usiku, na anayenunua chokoleti ya mtoto pale Tukuyu hatazamii hayo.

Filamu ikiitwa self-indulgent, sema msanii amejifurahisha mwenyewe, mtazamaji kamsahau. Na mhadhiri anayesema indulge me for a minute haombi kudekezwa. Anasema: "Naomba mnivumilie kidogo."