Fungua Maji Kabla ya Kupanda Mkoko

Ukitoka Bagamoyo mjini kuelekea mdomo wa mto Ruvu utakuta mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Ardhi imepasuka, juu ina ukoko mweupe, matuta bado yamesimama. Kabla ya chumvi palikuwa na mikoko. Anayetaka kuirudisha kwa kawaida huanza na miche: anaichomeka kwa mistari, na baada ya miezi michache anakuta vijiti vikavu.

Inaumiza, kwa sababu watu wamejitolea kwa moyo. Lakini mche hauna kosa. Tuta limeizuia bahari isipande wala kushuka. Jua linakausha maji, chumvi inabaki na kuzidi ile ya baharini. Hata mchu, aina ya mkoko unaostahimili chumvi kuliko mikoko mingi, hushindwa.

Kwa hiyo anza na maji. Siku ya bamvua, bahari inapojaa kuliko siku nyingine, maji yakiwa yanajaa, simama juu ya tuta uangalie yanapogonga kwanza. Mara nyingi hapo ndipo hori la zamani, mkondo wa maji ya bahari, lilipopita. Kata tuta hapo, uchimbe hadi usawa wa sakafu ya hori, ili maji yakipwa yatoke yote. Yakituama, mizizi hukosa hewa. Kama nyuma yako kuna majaruba ya mpunga, tuta la upande wa bara usiliguse, liongezee udongo, maana chumvi ikifika kwa jirani mtagombana miaka.

Jembe lisitangulie ruhusa. Mikoko ni misitu ya hifadhi, basi pita serikali ya kijiji na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito.

Kisha subiri, hata misimu miwili. Chungulia tope kila mwezi. Wa kwanza kurudi ni kaa wadogo, na mimi huwaamini kuliko kipimo chochote: mashimo yao hupitisha hewa na kusafisha chumvi. Wakishazagaa, ndege kama yangeyange na kulastara watawafuata. Kamba wachanga huingia na maji yakijaa, hujificha kwenye mizizi, wakikomaa hurudi baharini. Anayetega kamba Saadani, kaskazini mwa Bagamoyo, anavuna kilicholelewa horini.

Mbegu zinazoelea zikifika zenyewe, usipande kitu. Zisipofika, ndipo upande, na kila aina ya mkoko mahali pake: mlilana upande wa bahari, mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magongo, kando ya hori, mkandaa na mchu juu zaidi kuelekea nchi kavu. Usijaze huo wa magongo mtupu kwa sababu tu mbegu yake ni rahisi kuokota. Mchu ukichanua nyuki huja, na mizinga ikiwa karibu kijiji kinapata asali bila kukata mti.

Mbegu ya mkoko huo wa magongo huota ikiwa bado mtini, ndefu karibu dhiraa. Tazama shingo yake: ikitokeza pete ya manjano imekomaa, itikise kidogo itaachia. Ichomeke robo ya urefu, ncha kali chini, umbali wa mita moja na nusu. Haihitaji kitalu.

Kinachobaki ni mifugo. Ng'ombe na mbuzi hupenda majani ya mchu, na mche ulioliwa kilele mara mbili haunyanyuki. Pangeni zamu ya kuwazuia mpaka miti ifike kifuani.