Kisagio na kikamulio cha matufaha: anza na kisagio

Watu wengi wakitaka kutengeneza kikamulio cha matufaha wanakimbilia jeki. Wananunua ya tani 20, wanachomelea fremu nzito, halafu wanakatakata matufaha kwa kisu na kuyarundika chini yake. Kinachotoka ni vikombe viwili na fremu iliyopinda. Juisi imefungiwa ndani ya nyama ya tunda. Usipoisaga hadi ilainike kama machicha ya nazi, jeki ya tani zozote haikusaidii. Kwa hiyo pesa na uangalifu wako vipeleke kwenye kisagio.

Mimi ni seremala hapa Soni, njia ya kwenda Lushoto. Matufaha makubwa yanateremka Mombo kuuziwa abiria wa mabasi, madogo na yenye makovu yanabaki huku juu. Hayo ndiyo ninayokamua, zaidi Anna na Dorsett Golden, aina zinazozaa bila kuhitaji baridi kali.

Tafuta gogo la mkangazi lililokauka kabisa, ulipeleke kwa fundi wa kukereza akutolee pipa la unene wa sentimita 15 na urefu wa 25. Usikubali paini, utomvu wake unaingia kwenye juisi. Alitoboe katikati, ipite shafti ya chuma ya milimita 20, kisha pini ipenye gogo na shafti kwa pamoja. Gundi peke yake itaachia. Shafti ikae kwenye beringi mbili zenye nyumba zake, zifungwe nje ya sanduku linalozunguka pipa ili grisi isikutane na tunda.

Sasa meno. Ni skrubu za stenlesi, kila moja mbali na mwenziwe sentimita 2, safu zikizunguka pipa kwa mshazari ili zisiume zote kwa mpigo mmoja. Toboa tundu dogo kwanza, la sivyo mbao inapasuka. Vichwa vibaki nje milimita 4, vyote sawasawa. Mimi naweka kipande cha mbao cha unene huo kando ya skrubu, nafunga hadi kichwa kilingane nacho, nahamia nyingine. Kazi inachosha, lakini kichwa kimoja kikizidi kitagonga ukuta wa sanduku kila mzunguko. Dukani nenda na sumaku: skrubu ikidakwa kwa nguvu, mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya kung'aa. Tindikali ya tufaha inakila, juisi inakuwa nyeusi na kuonja kutu. Bati la mabati nalo usiliguse, zinki yake inayeyuka.

Ukuta wa nyuma wa sanduku ufungwe kwa bolti zinazosogea, ubakize nafasi ya milimita 5 kutoka kwenye vichwa vya skrubu. Machicha yakitoka na vipande, usogeze karibu. Mdomo wa kutilia uwe mrefu, sentimita 40, mkono wa mtoto usifike kwenye meno. Matufaha yasukume kwa mti, kamwe si kwa kidole.

Kuzungusha kwa mkono kunawezekana, ila mabega yatakusimulia usiku. Mimi natumia baiskeli kuukuu ya Phoenix isiyo na gurudumu la nyuma, mnyororo umefungwa kwenye shafti, na mpwa wangu anapiga pedeli huku akisikiliza mpira redioni. Mwenye umeme atumie mota ya nusu hosipawa na mkanda: puli ya sentimita 6 kwenye mota, ya 30 kwenye shafti. Funika mkanda.

Kikamulio chenyewe ni rahisi. Fremu ya mkaratusi wa inchi 4 kwa 4, bolti za milimita 16, misumari hapana. Jeki ya tani 6 inatosha: kwenye eneo la sentimita 30 kwa 30 inakupa karibu kilo 7 kwa kila sentimita ya mraba. Isimame wima, na chini yake weka sahani pana ya kudaka mafuta, maana jeki za mtumba huvuja.

Machicha yapangwe kwa tabaka. Weka fremu ndogo ya 30 kwa 30, tandika kitambaa chepesi cha pazia cha nailoni, jaza unene wa sentimita 5, kunja pembe nne kama bahasha, toa fremu, weka juu ubao wa plastiki wa kukatia mboga uliochanjwa mifereji pande zote mbili. Endelea hadi tabaka tano, chini kabisa kukiwa na sinia la stenlesi lenye mdomo. Piga jeki mara chache, ngoja juisi ipungue kasi, piga tena. Ukiharakisha, kitambaa kinapasuka na machicha yanakurukia kifuani. Kilo 10 zikisagwa vizuri hutoa lita 6 na zaidi.

Matufaha yaliyooza yatupe, kukata sehemu mbovu tu hakutoshi. Yaliyookotwa chini, hasa ng'ombe wanapopita, mimi siyaweki kabisa kwenye kisagio. Mwaka 1996 juisi mbichi ya matufaha ilieneza E. coli, bakteria wa kinyesi cha ng'ombe, huko Marekani na mtoto mmoja akafa. Kwa hiyo naipasha hadi nyuzi 75 za sentigredi, naiacha hapo dakika moja bila kuchemka, naimimina ingali moto kwenye chupa za kioo zilizopashwa.

Osha kisagio hapo hapo kwa brashi ngumu, kwani machicha yakikauka katikati ya skrubu utayachokoa kwa msumari. Pipa likikauka lipake nta ya nyuki. Vitambaa vioshe kwa maji moto bila sabuni yenye harufu. Machicha wape ng'ombe kidogo kidogo siku ileile. Kesho yake yameshachacha.