Somo: Kupata kazi ya benki Kanada ukiwa mgeni

Ndugu zangu mliofanya kazi NMB, CRDB, KCB au Equity na sasa mko Toronto, Ottawa au Edmonton, msikubali kuambiwa kwamba miaka yenu imekwenda na maji. Inahesabiwa, mradi uiwasilishe kwa namna ambayo benki za huku zinaielewa.

Hatua ya 1: Karatasi. Namba ya SIN, inayokutambulisha kazini na kwenye kodi, hutolewa bure na Service Canada, ofisi ya huduma za serikali. Anayekutoza pesa ni tapeli. Vyeti vya chuo vipeleke WES, shirika linaloandika ripoti ya kuvilinganisha na elimu ya Kanada. Kama uliingia kwa Express Entry, mfumo wa uhamiaji wa wenye ujuzi, huenda ripoti hiyo unayo tayari, usilipe mara mbili.

Hatua ya 2: Rekodi ya mikopo. Hapa wengi hujikwaa. Kabla ya kukuajiri, benki hukagua rekodi ya polisi na mara nyingi rekodi yako ya mikopo iliyoko Equifax au TransUnion, kampuni zinazotunza historia ya madeni ya watu. Mgeni kutokuwa na historia si kosa. Deni lililoachwa likafika kwa wakusanya madeni ndilo linaloleta maswali, hata kama ni bili ya simu tu. Fungua akaunti mapema, omba kadi ya mkopo ya wageni au ile ya kuweka dhamana, inunulie mboga na nauli, usivuke theluthi ya kikomo, na ulipe yote kabla ya tarehe.

Hatua ya 3: Mtihani. Soma kozi ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, biashara kama ile ya UTT Tanzania: chagua moja, IFC ya taasisi ya CSI au CIFC ya taasisi ya IFSE. Unajisomea nyumbani. Keshia aliyefaulu ana hoja nzito ya kuhamia meza ya ushauri, kwa sababu bila mtihani husajiliwi, na bila usajili hakuna ruhusa ya kuuza mifuko hiyo.

Hatua ya 4: CV. Kurasa mbili, bila picha, umri, dini wala hali ya ndoa. "Nilihudumia wateja" haimwambii mtu kitu. Andika ulifunga droo ya kiasi gani kwa siku bila upungufu, ulisimamia mawakala wangapi, ulifungua akaunti ngapi kwa mwezi.

Waliokuwa kitengo cha kuzuia utakatishaji fedha wanisikilize vizuri. Benki za Kanada huripoti miamala kwa FINTRAC, chombo cha serikali cha kupambana na utakatishaji fedha, ikiwemo fedha taslimu za dola 10,000 na zaidi. Aliyezoea kuchunguza miamala ya mawakala na pesa za simu ana jicho linalohitajika huko. Kwangu mimi, mlango huo ni bora kuliko kaunta.

Hatua ya 5: Watu. Omba kwenye tovuti za RBC, TD, Scotiabank, BMO, CIBC na National Bank, lakini tafuta pia mtu wa ndani akupendekeze. Toronto kuna mashirika ya kusaidia wageni kupata kazi: ACCESS Employment, na TRIEC ambayo hukuunganisha na mlezi wa fani yako. Kwenye usaili utaombwa mifano: mteja aliyekasirika, kosa ulilogundua. Eleza hali ilivyokuwa, ulichofanya na matokeo. Na useme "nilifanya". Sisi tumelelewa kusema "tulifanya", na msaili anabaki hajui mchango wako.

Maswali ya wanachama

*Ontario imekataza matangazo ya kazi kudai uzoefu wa Kanada. Naweza kuitaja sheria hiyo benki?*
Hapana, dada. Ilianza Januari 1, 2026, lakini ni sheria ya jimbo. Ajira za benki ziko chini ya sheria ya kazi ya shirikisho, kwa hiyo haizigusi.

*Natoka Bukavu, Kifaransa ninacho, Kiingereza bado.*
Kaka, hicho Kifaransa ni mtaji. Anza na National Bank iliyoko Montréal, au Desjardins, ambayo ni ushirika wa akiba na mikopo kama SACCOS, ila mkubwa sana. Benki nyingine nazo hutafuta watu wa lugha mbili kwa vituo vya simu. Endelea na darasa la Kiingereza huku ukiomba.

*SIN yangu inaanza na 9. Nisijisumbue?*
Omba. Hiyo 9 inaonyesha ukaazi wa muda, na kibali cha kazi kilicho hai kinatosha, mradi kisiwe kimekufunga kwa mwajiri mmoja. Ukiulizwa tarehe ya mwisho, sema ukweli. Ukihuisha kibali, rudi Service Canada wabadilishe na tarehe ya SIN.